Mwanariadha aliyekamatwa na dawa akimaliza kifungo: arudi mbioni au aishie hapo hapo?

Mizunguko25 (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu.

Tangu Ruth Chepng'etich, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya, afungiwe kwa dawa Oktoba 2025, kila kijiwe cha michezo ninachopita nakuta kambi mbili. Moja inasema mwizi ni mwizi, afutwe moja kwa moja. Nyingine inasema binadamu tunateleza, dada wa watu aachwe. Nimezisikiliza zote mpaka zimenichosha, maana hakuna hata moja inayomtaja aliyeibiwa. Leo naomba tuanze na huyo.

Boston Marathon, Aprili 2014. Upande wa wanawake alimaliza wa kwanza Rita Jeptoo wa Kenya kwa saa 2:18:57. Nyuma yake akaja Buzunesh Deba, Mwethiopia mwenye makazi New York, kwa 2:19:59. Zawadi ya bingwa ilikuwa dola 150,000, ya mshindi wa pili dola 75,000. Septemba mwaka huo huo Jeptoo akachukuliwa sampuli na ikakutwa na EPO, ile homoni inayouchochea mwili utengeneze chembe nyekundu za damu kwa wingi, ukabeba oksijeni kuliko kawaida. Kenya ikamfungia miaka 2, kesi ikaenda kwenye mahakama ya michezo, CAS, na Oktoba 2016 kifungo kikawa miaka 4. Ushindi wa Boston 2014 ukafutwa. Deba akawa bingwa, na muda wake ukawa rekodi ya njia ile, rekodi ambayo ilidumu mpaka Sharon Lokedi alipoivunja 2025.

Bingwa kwenye karatasi, nasema. Hela hakupewa. Waandaaji walikuwa wanasubiri Jeptoo arudishe kwanza alizochukua. Miaka ikapita, mama wa watu na watoto, miguu imechoka, mikataba imekauka. Mwaka 2024 gazeti la Wall Street Journal likaandika habari yake. Shabiki mmoja wa Marekani ambaye hamjui wala hawajawahi kukutana akaisoma, akatoa dola 75,000 mfukoni mwake akamlipa. Mfukoni mwake! Baada ya hapo ndipo waandaaji, mwanzoni mwa 2025, wakatangaza kwamba watawalipa wanariadha wote waliopandishwa nafasi baada ya walaghai kuondolewa, hata wa miaka ya 1980.

Miaka 10 imekwenda hapo. Na bado kuna ambavyo hakuna fidia inayovigusa. Bingwa wa Boston akialikwa mbio nyingine analipwa kwa kufika tu, kabla hajafunga kamba za viatu. Kampuni ya viatu inamwongezea bonasi. Kukata utepe pale mtaa wa Boylston huku watu wanapiga kelele, hilo nalo halirudishwi kwa hundi.

Sasa msimamo wangu. Nasema aliyefungiwa, siku yake ikifika, arudi akimbie. Ila arudi kwa masharti mawili: arudishe kila senti ya mbio zilizofutwa, na aseme dawa aliipata kwa nani. Kifungo kinachoisha kwa tarehe peke yake kinampumzisha miguu tu.

Sharti la pili ndilo nataka tulijadili zaidi, kwa sababu hapo ndipo tunapopigwa chenga kila mara.

Angalieni Jemima Sumgong. Mwanamke wa kwanza wa Kenya kuleta dhahabu ya Olimpiki kwenye marathoni, Rio 2016. Miezi michache baadaye anakutwa na EPO, anafungiwa miaka 4. Akajitetea kwamba alitibiwa hospitali kwa sababu ya mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hati zikapelekwa, hospitali ikasema hizo hati si zetu. Na kipindi hicho madaktari wa hospitali za umma Kenya walikuwa kwenye mgomo! Kifungo kikawa miaka 8.

Au Wilson Kipsang, aliyevunja rekodi ya dunia Berlin 2013 kwa 2:03:23. Yeye hakukutwa na dawa mwilini, nisimsingizie. Kosa lake lilikuwa kutopatikana. Mwanariadha wa ngazi ile anatakiwa kuandika kila siku, kwa saa 1 anayoichagua mwenyewe, atakuwa wapi ili wapimaji wamkute. Ukikosekana mara 3 ndani ya miezi 12, umekwisha. Kwa siku moja aliyokosekana, Mei 17, 2019, alieleza kwamba lori lilipinduka likaziba barabara, na picha ikaletwa. Wachunguzi wakaifuatilia ile picha. Lori kweli lilianguka, tena lilianguka vizuri tu, ila lilianguka Agosti 19, 2019. Miezi 3 baada ya siku anayoitetea. Miaka 4.

Diana Kipyokei naye, aliyekata utepe Boston 2021, alifungiwa miaka 6, na sehemu ya hiyo miaka ni kwa sababu ya maelezo na nyaraka za hospitali zisizo za kweli. Ubingwa ukaenda kwa Edna Kiplagat, aliyekimbia siku ile akiwa amevuka miaka 40. Pata picha: umevuka miaka 40, umewashinda wote waliokimbia kihalali, halafu unaambiwa baadaye kabisa.

Huyo wa kughushi nyaraka mnataka nimpe nafasi ya pili ya nini? Alipewa nafasi ya pili siku alipoulizwa swali, akaichezea. Mlangoni kwangu huyo yuko nyuma kabisa ya foleni.

Naomba kuwasilisha.

ChumaChaReli

Mleta mada umeandika vizuri halafu ukaharibu mwishoni. "Arudi akimbie." Kwa nini arudi? Justin Gatlin, yule Mmarekani wa mita 100, alirudi mara mbili! Mara mbili mkuu! London 2017, usiku wa Usain Bolt wa kuaga mita 100, nani kashinda? Gatlin kwa 9.92. Bolt katoka wa tatu kwa 9.95. Uwanja mzima ulizomea. Nilikuwa naangalia kwenye banda umiza mitaa ya kwetu na hata wale wasiojua riadha walizomea. Mtu akikamatwa mara ya kwanza, maisha. Atafute kazi nyingine, mbona sisi tumetafuta.

Mizunguko25

Mkuu Chuma, usiku ule hata mimi uliniuma. Ila tuweke rekodi sawa. Kosa la kwanza la Gatlin, 2001, lilitokana na dawa aliyokuwa akitumia tangu utotoni kwa tatizo la kutotulia akilini. Walimfungia miaka 2 na wakamrudisha baada ya mwaka 1. La 2006 ndilo zito, testosteroni, wakampa miaka 8 ikapunguzwa mpaka 4. Kwa hiyo ukisema "mara mbili" unakuwa umeweka kidonge cha mtoto wa shule kwenye kapu moja na homoni. Na aliposhinda usiku ule alimpigia Bolt goti. Bolt akamkumbatia. Waliozomea tulikuwa sisi tuliolipia king'amuzi.

Halafu hilo la kufungia maisha kwa kosa la kwanza limeshajaribiwa na likagonga mwamba. Kamati ya Olimpiki ya kimataifa iliweka kanuni kwamba aliyefungiwa zaidi ya miezi 6 asishiriki Olimpiki inayofuata. Wamarekani wakaipeleka CAS, Oktoba 2011 ikapigwa chini: ukishamaliza kifungo, kukunyima Olimpiki ni kukuadhibu mara ya pili kwa kosa lile lile. Uingereza wao walikuwa na sheria yao ya kumnyima mtu Olimpiki maisha. 2012 nayo ikaanguka, na Dwain Chambers, mkimbiaji wao aliyewahi kufungiwa kwa dawa, akakimbia London.

Na kesi iliyowabeba watu wote hao unajua ni ya nani? LaShawn Merritt, bingwa wa Olimpiki wa mita 400, aliyefungiwa miezi 21 kwa sababu ya vidonge vya kuongeza nguvu za kiume alivyonunua dukani. Mwenyewe alikiri kwamba hajawahi kuaibika vile. Sasa huyo naye maisha?

NyandaZaJuu

Salamu kutoka Iten, mji wa wakimbiaji huku Kenya, ndugu zangu. Nawasoma na ninacheka, ninalia pia.

Mnaongea kama kila aliyepatikana alikuwa na maabara jikoni. Hapa kwetu kuna vijana mamia kwa mamia wanaokimbia kila asubuhi na hawajawahi kulipwa hata shilingi. Wanaishi watatu chumba kimoja, wanapika ugali na sukuma wiki kwa zamu. Mmoja akienda mbio Ulaya akirudi na euro elfu mbili tatu, ameokoa familia. Ndipo anakuja mtu mwenye koti jeupe, ama yule wa kemisti, anamwambia hiyo ni "vitamini ya kusaidia damu". Wengine wanajua ni nini, siwezi kudanganya. Lakini wengine hawajui, na hakuna wa kuwauliza.

Kuhusu kupimwa, wacha niwaeleze vile kunavyokuwa. Saa kumi na moja asubuhi mlango unabishwa. Ni mpimaji na mwenzake. Kuanzia hapo hutoki machoni pake, hata ukienda chooni anakuja, na lazima akuone mkojo ukitoka. Wanataka mililita 90. Kama umetoka kukojoa usiku, basi mtaketi hapo mkinywa maji na kuangaliana. Unachagua chupa wewe mwenyewe, unamimina, A na B, unafunga kwa mkono wako. Sampuli inaweza kuwekwa miaka 10 na kupimwa tena. Kwa hiyo hata aliye safi analala na hofu.

Na si wapimaji wote ni malaika. Asbel Kiprop, bingwa wa dunia wa 1500 mara tatu, alipopatikana na EPO 2017, alisema alijulishwa mapema kwamba wapimaji wanakuja, na kwamba aliwapa pesa. Wakuu wa kupinga dawa wenyewe walikubali kwamba kweli alijulishwa mapema, kinyume na utaratibu. Kiprop alipata miaka 4 yake. Mleta mada, umesema mkimbiaji amtaje aliyemuuzia. Unajua huyo muuzaji anaishi wapi? Anaishi hapa hapa. Mtoto wako anasoma na wake. Ukimtaja, kesho wewe ni adui wa mji mzima kwa sababu umeharibu jina la Kenya.

StraikaMstaafu

Nimeweka kambi hapa, uzi umeiva. Ila mnasahau mpira.

Nani anakumbuka Juma Nyosso? Septemba 2015, Azam na Mbeya City, beki akamfanyia John Bocco kitendo cha kumdhalilisha uwanjani, picha zikasambaa nchi nzima. TFF ikampa miaka 2 na faini milioni 2. Na ilikuwa si mara ya kwanza, mapema mwaka ule ule alishakula mechi 8 kwa kitendo kama hicho kwa Elias Maguli wa Simba. Alipomaliza akasajiliwa Kagera Sugar. Januari 2018, mechi na Simba pale Kaitaba, akaishia mikononi mwa polisi kwa kumpiga shabiki. Hiyo ni nafasi ya pili au ya tatu?

Upande wa pili, Eric Cantona. Januari 1995 aliruka teke la kung fu kwa shabiki wa Crystal Palace. Miezi 8 nje. Oktoba 1 akarudi dhidi ya Liverpool, akafunga penalti, na msimu huo Manchester United wakachukua ligi na FA. Leo lile teke linauzwa kwenye fulana.

Kwa hiyo mimi nasema nafasi ya pili apewe kila mtu. Ya tatu ndiyo tukae kikao.

DadaWaUlingo

Kaka Straika, teke na dawa ni mambo ya uwanjani. Mimi naleta ambalo wanaume wa jukwaa hili hamtaki kuligusa.

Mike Tyson alitiwa hatiani kwa ubakaji 1992 huko Indiana. Akatumikia miaka mitatu hivi, Machi 1995 akatoka. Miezi mitano baadaye yuko ulingoni, na 1996 alishakuwa bingwa tena. Juni 1997 akamng'ata Evander Holyfield sikio, kipande kikaanguka. Nevada wakamnyang'anya leseni na kumtoza dola milioni 3. Oktoba 1998 leseni hiyo imerudi mkononi.

Kwa hesabu za Straika tungekuwa kwenye kikao. Hakuna kikao kilichokaliwa. Kulikuwa na tiketi za kuuzwa na televisheni ya kulipia. Mnaniambia nafasi ya pili inatolewa kwa haki? Inatolewa kwa mwenye kuingiza hela. Kijana wa Iten aliyesemwa hapo juu, akikamatwa na kidonge cha kemisti, meneja anambadilisha kesho yake asubuhi. Hakuna anayeandika uzi juu yake. Akimaliza miaka yake 4 hana wa kumsajili mbio hata ya mtaani. Huyo sheria inamruhusu kurudi, lakini kurudi atarudia wapi?

Na kwa ubakaji, sharti la kurudisha hela linasaidia nini? Mleta mada jibu hilo.

Mizunguko25

Dada, hilo la mwisho sina jibu la kanuni za michezo na sitajifanya ninalo. Mtu akifungwa gerezani na mahakama ya nchi, ametoka, kumzuia asifanye kazi yoyote siungi mkono. Lakini kati ya kumruhusu kufanya kazi na kumwimbia shangwe kuna umbali, na umbali huo tunauvuka sisi mashabiki kwa hiari yetu. Hakuna chama cha ngumi kilichonilazimisha kukesha kumwangalia Tyson. Nilikesha.

La Iten umeniweka mahali pagumu, na NyandaZaJuu pia. Naomba nilifafanue sharti langu la kutaja muuzaji, maana wengi hawajui kwamba tayari limo kwenye kanuni. Kuna vipunguzo viwili tofauti. Cha kwanza: ukikiri kosa ndani ya siku 20 tangu usomewe shtaka la miaka 4, unapunguziwa mwaka 1. Hicho ndicho alichopata Chepng'etich. Cha pili: ukitoa msaada wa maana unaowezesha kunaswa wengine, wanaweza kukusamehe mpaka robo tatu ya kifungo. Robo tatu! Lakini kila siku tunasikia watu wanakula kile cha kwanza. Cha pili ni kama sahani ya mgeni, ipo kabatini, haishushwi.

Chukueni kesi ya Chepng'etich yenyewe. Oktoba 2024 Chicago alikimbia 2:09:56, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya 2:10. Machi 14, 2025 akachukuliwa sampuli, ikakutwa na dawa ya presha inayokojoza, aina inayotumika pia kuficha dawa nyingine mkojoni. Kiwango kinachotakiwa kuripotiwa ni nanogramu 20 kwa mililita. Yeye alikuwa na 3,800. Mwanzoni akasema hajui imetoka wapi. Baadaye akasema aliumwa, akameza dawa ya msaidizi wake wa nyumbani bila kuangalia ni nini, na akasahau kuwaambia. Halafu akakiri shtaka, akapata miaka 3 badala ya 4, na rekodi ya Chicago ikabaki kwa sababu ilikimbiwa kabla ya sampuli ile.

Kisheria sina neno. Ila mimi kama shabiki nimepata nini hapo? Nimepata tarehe na kiwango. Kuhusu dawa ilivyofika, nimeambiwa habari ya dada wa kazi. Huko ndiko kukiri ninakokukataa. NyandaZaJuu, nakuelewa kuhusu jirani muuzaji, na ndiyo maana nasema kutaja kuwe kwa siri na mtajaji alindwe. 2022 Kenya iliponusurika kufungiwa kimataifa, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5 kupambana na dawa. Kipande cha hela hiyo kingetosha kumhamisha shahidi na familia yake.

NyandaZaJuu

Hapo tumeelewana. Lakini usisahau: akitajwa muuzaji akapelekwa kortini, kesi inakaa. Mkimbiaji anahukumiwa kwa miezi, muuzaji anahudhuria kutajwa kwa kesi miaka.

KidogoTu

Naomba kuuliza wakuu, Simbu wetu wa Tanzania anaingiaje hapa? Maana kila mara tukitaja riadha tunataja ya Kenya.

Mizunguko25

Anaingia upande wa Deba, upande wa wanaosubiri. Alphonce Simbu alikuwa wa tano Rio 2016, wa tatu mashindano ya dunia London 2017, akapotea kwenye magazeti yetu miaka mingi, Aprili 2025 akatoka wa pili Boston, na Septemba 2025 Tokyo akawa bingwa wa dunia kwa 2:09:48, akimpiku Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Sekunde 0.03 baada ya kilomita 42! Mtu wa namna hiyo, anayepishana na mwenzake kwa unene wa fulana, dawa ya mtu mmoja tu mbele yake ingetosha kumfanya awe wa pili maisha yake yote.

ChumaChaReli

Sasa mkuu umeniletea mfano unaounga mkono hoja yangu. Kwa sekunde 0.03 hizo, bado unataka mlaghai arudi kusimama naye mstari mmoja?

Mizunguko25

Arudi, akiwa amelipa na amesema. Asiyelipa na asiyesema, waandaaji wa mbio wana haki ya kutomwalika, na hilo halihitaji CAS. Mbio kubwa za barabarani ni za mwaliko. Boston, London, Chicago, wanamwita wanayemtaka na wanamlipa wanachotaka. Wakiamua wote kwamba anayedaiwa hela za ubingwa uliofutwa haitwi mpaka amalize deni, hata kwa kukatwa kidogo kidogo kwenye zawadi zijazo, Deba wa kesho hatasubiri msamaria asome gazeti.

Na kwa kuwa mnapenda kubishana, nawaachia la kufanyia mazoezi. Kifungo cha Chepng'etich kilianza kuhesabiwa Aprili 19, 2025. Kinaisha Aprili 2028. Olimpiki ya Los Angeles ni Julai 2028, naye atakuwa na miaka 33, umri mzuri kabisa wa marathoni. CAS ilishasema huwezi kumnyima kwa sababu ya kifungo kilichoisha. Kenya ina nafasi 3 tu za wanawake na foleni ya wenye uwezo inafika Eldoret. Wewe ndiye mteuzi wa timu. Mezani una jina lake, na una jina la binti ambaye kwa miaka hiyo yote 3 amekuwa akiamka saa kumi na moja kuwafungulia wapimaji mlango. Unampanga nani, na aliyeachwa unamwambia nini?

StraikaMstaafu

Mimi nampanga binti. Chepng'etich akitaka, aje Kilimanjaro Marathon, na kule alipie kiingilio kama sisi.

DadaWaUlingo

Subirini nirudi kutoka kazini. Nina la kusema kuhusu hao wateuzi wenyewe.